Kusimama Vibaya: Wimbo wa Taifa na Mwili wa Mwanariadha

Mashindano ya kimataifa hufunguliwa, na mara nyingi hufungwa, kwa tendo ambalo halimo kabisa katika kanuni za mchezo wenyewe. Mpira hauhitaji wimbo wa taifa ili upigwe, wala mita 400 haziongezeki au kupungua kwa sababu bendera imepandishwa mlingotini; hata hivyo, kwa muda ambao kwa kawaida hauzidi dakika mbili, wachezaji, waamuzi, viongozi na watazamaji hutakiwa kuacha walilokuwa wakilifanya, wasimame wima, watulie na waelekee upande mmoja. Wasimamizi wa itifaki, yaani utaratibu wa heshima unaoongoza shughuli za dola, huuhesabu muda huo kuwa jambo la kawaida, na kwa kweli huwa la kawaida mpaka atokee mtu mmoja akae, apige goti, ainamishe kichwa au afumbe mdomo wakati wenzake wanaimba. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba, katika ratiba nzima ya siku ya mashindano, hiyo ndiyo dakika ambayo mwanariadha hashindani na mtu yeyote, ila anakaguliwa.

Hoja inayoshikiliwa katika sura hii ni kwamba wimbo ukishaanza kupigwa, mwili wa mwanariadha hauna tena mkao usioegemea upande wowote. Kusimama wima ni kukubali, na kila mkao mwingine, hata ule unaotokana na uchovu au kutojali, unaweza kusomwa kuwa ni kukataa. Kwa sababu hiyo mamlaka za michezo, zinapotangaza kwamba zinaadhibu siasa, mara nyingi huwa zinaadhibu kukosekana kwa ishara ziliyoitarajia, na ukali wa adhabu hautegemei sana ukubwa wa kilichofanyika. Matukio yanayojulikana zaidi katika historia hii, la Mexico City mwaka 1968 na la Colin Kaepernick mwaka 2016, yameandikwa mno; lililo na mafunzo mengi kuliko yote ni la Munich mwaka 1972, ambalo Wakenya wanne walilishuhudia kwa karibu na kulivuna bila kulipanda.

Desturi yenyewe si kongwe kama inavyodhaniwa. Nchini Marekani, ambako leo wimbo wa taifa hupigwa kabla ya karibu kila mechi ya ligi kubwa hata pasipokuwa na timu ya taifa uwanjani, mazoea hayo yalizaliwa na vita. Mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vinaendelea, bendi ilipiga wimbo wa “The Star-Spangled Banner” katikati ya mechi ya fainali za besiboli mjini Chicago, watazamaji wakasimama na kuimba, na wenye timu wakaona kwamba jambo hilo linapendwa. Wakati huo wimbo wenyewe ulikuwa bado haujatangazwa kuwa wimbo rasmi wa taifa, kwani hilo lilifanyika mwaka 1931. Vita vya Pili vya Dunia viliufanya kuwa mazoea ya kila mechi, na amani iliporejea hakuna aliyethubutu kuuondoa. Kwa upande wa Michezo ya Olimpiki, jukwaa la washindi lenye ngazi tatu lilianza kutumika mwaka 1932, na tangu hapo mshindi aliyesimama juu ya wenzake huku bendera ikipanda akawa ndiye sura ya Michezo hiyo. Dola, nayo, haijawahi kukaa mbali na sherehe hizi: mwaka 2015 maseneta John McCain na Jeff Flake walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa imezilipa timu za michezo mamilioni ya dola, sehemu yake ikiwa ni kwa ajili ya maonyesho ya uzalendo ambayo watazamaji waliyachukulia kuwa ya hiari. Anayelalamika kwamba mchezaji aliyepiga goti ndiye aliyeingiza siasa uwanjani, basi, amechelewa kwa karibu karne nzima.

Mojawapo ya mifano ya mwanzo ni wa mtu ambaye hakuwa na wimbo wake wa kupigiwa. Sohn Kee-chung, Mkorea, alishinda mbio za marathoni mjini Berlin mwaka 1936, lakini kwa kuwa Korea ilikuwa chini ya utawala wa Japani tangu mwaka 1910, alilazimika kukimbia akiwa na bendera ya Japani kifuani na jina lililoandikwa kwa matamshi ya Kijapani, Kitei Son. Wimbo wa Japani ulipopigwa kwa heshima yake, aliinamisha kichwa, na mche wa mwaloni aliopewa kama zawadi ya mshindi akaushikilia kifuani ukaifunika bendera. Mkorea mwenzake, Nam Sung-yong, aliyepata medali ya shaba, naye aliinama, ila hakuwa na mche. Baadaye alieleza kwamba alichomwonea wivu Sohn si dhahabu, ni ule mche aliojisitiri nao. Wasimamizi wa Michezo hawakuona kosa lolote, pengine kwa sababu kichwa kilichoinama kinaweza kuwa cha mtu aliyechoka baada ya kukimbia zaidi ya kilomita 42. Wasomaji wa Korea hawakukosea. Gazeti la Dong-A Ilbo lilichapisha picha yake likiwa limeifuta ile bendera, wenye utawala wakawakamata waandishi na kulifungia gazeti kwa miezi kadhaa. Sohn aliishi akaona mwaka 1988, alipoingia na mwenge wa Olimpiki katika uwanja wa Seoul.

Kichwa cha Sohn kilikuwa na utata, na utata huo ndio uliomlinda. Tommie Smith na John Carlos, wakimbiaji weusi wa Marekani, walichagua njia iliyo kinyume kabisa. Tarehe 16 Oktoba 1968 Smith alishinda mbio za mita 200 kwa sekunde 19.83, ambayo ilikuwa rekodi ya dunia, na Carlos akawa wa tatu nyuma ya Mwaustralia Peter Norman. Walipanda jukwaani bila viatu, wakiwa wamevaa soksi nyeusi kuashiria umaskini wa watu wao. Smith alikuwa na skafu nyeusi shingoni, Carlos alikuwa na shanga kwa ajili ya kuwakumbuka waliouawa na makundi ya wabaguzi, na wimbo ulipoanza kila mmoja aliinua ngumi iliyovikwa glavu nyeusi, Smith ya kulia na Carlos ya kushoto. Mgawanyo huo wa mikono, ambao wachambuzi wengi wameujengea falsafa, ulitokana na jambo dogo: Carlos alikuwa ameziacha glavu zake katika kijiji cha wanamichezo, na Norman ndiye aliyependekeza wagawane jozi moja iliyokuwepo. Norman mwenyewe aliazima beji ya vuguvugu lao kutoka kwa Paul Hoffman, Mmarekani wa timu ya kupiga makasia, akaibandika kifuani.

Vuguvugu hilo, lililoitwa Mradi wa Olimpiki wa Haki za Binadamu, liliasisiwa mwaka 1967 na mwanasosholojia Harry Edwards wa chuo cha San Jose huko California, na madai yake hayakuhusu Marekani peke yake. Pamoja na kutaka Muhammad Ali arudishiwe ubingwa alionyang'anywa kwa kukataa kwenda vitani Vietnam, wanariadha hao walitaka Afrika Kusini na Rhodesia zifungiwe nje ya Michezo. Dai hilo lilikuwa pia la nchi huru za Afrika, ambazo kupitia Baraza Kuu la Michezo Afrika, lililoundwa mwaka 1966, zilitishia kuisusia Mexico City baada ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuamua kuikaribisha tena Afrika Kusini mwanzoni mwa mwaka 1968. Kamati ilirudi nyuma mwezi Aprili na kuuondoa mwaliko huo. Ngumi zilizoinuliwa mwezi Oktoba, kwa hiyo, zilikuwa na mizizi pande zote mbili za Bahari ya Atlantiki.

Rais wa Kamati hiyo alikuwa Avery Brundage, tajiri wa ujenzi kutoka Chicago aliyeshika wadhifa huo tangu mwaka 1952, na ambaye kabla ya mwaka 1936, akiongoza kamati ya Olimpiki ya nchi yake, alipigana kufa na kupona ili Marekani isisusie Michezo ya Hitler. Saluti ya Kinazi iliyotolewa Berlin hakuiona kuwa siasa, kwa kuwa ilikuwa saluti ya taifa. Ngumi ya Mexico City aliiona kuwa siasa, kwa kuwa haikuwa ya taifa lolote. Kamati ya Olimpiki ya Marekani ilitaka kumaliza jambo kwa onyo na kuomba radhi, lakini ilipotishiwa kwamba timu nzima ya riadha ingeweza kufukuzwa, iliwasimamisha Smith na Carlos na kuwaondoa kijijini. Medali zao hazikuchukuliwa, ingawa hadithi kwamba walinyang'anywa inarudiwa mpaka leo. Siku kumi baadaye bondia George Foreman, mweusi mwenzao, alishinda dhahabu ya uzito wa juu akazunguka ulingoni akipunga bendera ndogo ya Marekani, na hakuna aliyemwita mbele ya kamati kumuuliza kwa nini anafanya siasa.

Katika Michezo hiyohiyo kulikuwa na upinzani mwingine, ambao kwa sababu ulikuwa wa kimya umeandikwa kwa uchache. Mwanajimnastiki Věra Čáslavská wa Czechoslovakia, aliyekuwa ametia saini tamko la wanamageuzi wa nchi yake miezi michache kabla majeshi ya Kisovieti hayajaivamia mwezi Agosti 1968, alishinda dhahabu nne na fedha mbili. Wimbo wa Muungano wa Kisovieti ulipopigwa akiwa jukwaani, aligeuza uso kulia na kuuinamisha. Kamati ya Kimataifa haikumchukulia hatua. Serikali iliyowekwa nchini kwake baada ya uvamizi ndiyo iliyomwadhibu, kwa kumtenga na shughuli za michezo na kumnyima ruhusa ya kusafiri kwa miaka mingi, kwa sababu alikataa kuifuta saini yake. Hapa panaonekana jambo ambalo mijadala ya Kimarekani hulisahau: mwenye wimbo na mwenye uwanja ni mamlaka mbili tofauti, na mwanariadha anaweza kusamehewa na mmoja akahukumiwa na mwingine.

Miaka minne baadaye, mjini Munich, fainali ya mita 400 ilikimbiwa tarehe 7 Septemba 1972. Siku mbili kabla yake wapiganaji wa kundi la Kipalestina lililojiita Septemba Nyeusi walikuwa wamevamia kijiji cha wanamichezo, na Waisraeli kumi na mmoja walikuwa wameuawa. Katika ibada ya maombolezo iliyofanyika tarehe 6, Brundage alitangaza kwamba Michezo ingeendelea, lakini katika hotuba hiyohiyo alisema Michezo ilikuwa imeshambuliwa mara mbili, akiyaweka mauaji hayo sambamba na shinikizo la nchi za Afrika lililosababisha Rhodesia iondolewe siku chache kabla ya ufunguzi. Kwake, tishio la kususia lililotolewa na serikali zilizochukia ubaguzi na risasi zilizoua watu vilikuwa ni ugonjwa mmoja, yaani siasa kuvamia mchezo. Kauli hiyo iliwachukiza wengi waliokuwepo, na inafaa ikumbukwe kwa sababu ndiyo hali ya moyo aliyokuwa nayo mzee huyo, akiwa katika siku zake za mwisho za urais, kesho yake jioni.

Vince Matthews wa Marekani alishinda kwa sekunde 44.66, mwenzake Wayne Collett akafuata kwa 44.80, na Mkenya Julius Sang akachukua shaba kwa 44.92. Kilichotokea jukwaani, kikielezwa kitendo kwa kitendo, ni kidogo mno. Matthews alimvuta Collett wakasimama pamoja kwenye ngazi ya juu. Collett alikuwa peku, koti lake halikufungwa zipu, mikono yake ilikuwa kiunoni. Wimbo ukipigwa walisimama kwa ulegevu, wakazungumza, Matthews akawa anakishika kidevu chake, hawakuitazama bendera. Waliposhuka, watazamaji walikuwa wakiwazomea, na Matthews akaizungusha medali yake kwenye kidole kama mtu anayechezea funguo. Hapakuwa na ngumi jukwaani, hapakuwa na glavu, beji wala tamko lililoandaliwa.

Kamati ya Kimataifa iliwapiga marufuku kushiriki Olimpiki tena maisha yao yote. Barua ya Brundage kwa Wamarekani ilikumbusha kwamba hiyo ilikuwa mara ya pili kwa timu yao kuruhusu jambo la aina hiyo, na kwa kauli hiyo aliyafunga matukio mawili yasiyofanana katika fungu moja. Wahusika wenyewe walieleza kwa namna mbili tofauti. Matthews alisema hawakukusudia kuidharau bendera, na kwamba kama wangetaka kuandaa maandamano wangeyaandaa vizuri zaidi. Collett, aliyeelekea kuzungumza kwa uwazi zaidi, alisema dhamiri yake haikumruhusu kusimama na kuyaimba maneno ambayo hakuyaona kuwa ya kweli kwa watu weusi. Maelezo hayo mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Mtu anaweza asiwe na nia ya kupinga chochote na bado akakosa nguvu ya kuigiza mapenzi asiyokuwa nayo.

Swali ni kwa nini ulegevu uadhibiwe kwa ukali zaidi ya ngumi. Jibu la haraka ni lile la kurudia kosa, pamoja na huzuni ya juma lile, na yote mawili yana uzito wake. Lakini kuna sababu ya ndani zaidi. Smith na Carlos walisimama wima, miguu sawa, vichwa vimeinama kama waombaji, mkono mmoja juu. Kwa namna yao walikubali kwamba dakika ile ina utukufu, wakautumia utukufu huo kusema jambo lao. Matthews na Collett waliuondoa utukufu wenyewe. Ngumi inaijibu bendera, na kinachojibiwa kimetambuliwa; mtu anayekuna kidevu huku wimbo wa nchi yake ukipigwa haijibu, na kwa mlinzi wa itifaki hilo ndilo lisilovumilika. Wanahistoria wanaoliweka tukio la Munich chini ya lile la Mexico City, kama nakala iliyofifia, wamelipima kwa kipimo cha picha, na kwa kipimo hicho litashindwa daima.

Adhabu hiyo ilikuwa na matokeo ambayo Brundage hakuyakusudia. Matthews na Collett walikuwa wamepangwa katika timu ya Marekani ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, na kwa kuwa mwenzao John Smith alikuwa ameumia msuli katika ile fainali, Wamarekani walibaki bila watu wa kutosha wakajitoa. Tarehe 10 Septemba Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang walishinda mbio hizo kwa dakika 2 na sekunde 59.83, na Kenya ikapata dhahabu katika shindano ambalo wengi walikuwa wameshalipa Marekani kabla halijakimbiwa. Waandishi wa Kimarekani hupenda kulitaja jambo hili kama zawadi. Ukumbusho unahitajika kwamba Asati na Nyamau walikuwa pia katika timu ya Kenya iliyopata fedha Mexico City nyuma ya Wamarekani haohao, Matthews akiwa mmoja wao, na kwamba Sang alikuwa ameachwa na Collett kwa chini ya robo sekunde siku tatu kabla. Dhahabu ile haikuokotwa njiani.

Mabingwa hao wa Kenya hawakupata nafasi ya kuutetea ubingwa wao. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika ziliisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini, iliruhusiwa kushiriki. Tanzania haikupeleka timu, Kenya ikajitoa dakika za mwisho, na Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakukimbia katika mwaka ambao pengine ulikuwa wake. Msimamo huo dhidi ya ubaguzi ulikuwa wa haki, na uliibana Afrika Kusini kwelikweli. Lakini ukitazamwa kwa upande wa hoja ya sura hii, unaonyesha jinsi uzani ulivyolala upande mmoja: serikali inapoutoa mwili wa mwanariadha uwanjani kwa sababu za kisiasa, jambo hilo huitwa sera ya nchi, na mwanariadha hutakiwa alipokee kwa utiifu, ilhali mwanariadha anapoiondolea serikali mkao wa mwili huohuo kwa dakika mbili, jambo hilo huitwa utovu wa nidhamu.

Sheria nayo imelishughulikia suala hili, ingawa mara nyingi imefanya hivyo darasani kuliko uwanjani. Katika kesi ya Bodi ya Elimu ya Jimbo la West Virginia dhidi ya Barnette, iliyoamuliwa mwaka 1943 katikati ya vita, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba shule za serikali zina haki ya kuwalazimisha watoto wa Mashahidi wa Yehova kuipigia saluti bendera. Tanzania ilipita njia inayofanana miaka sabini baadaye, Mahakama ya Rufani ilipowapa ushindi mwaka 2013 wanafunzi wa dhehebu hilohilo walioadhibiwa shuleni kwa kutoimba wimbo wa taifa. Mtu angetarajia kwamba mwanafunzi akishalindwa, mchezaji aliye mtu mzima angelindwa zaidi, lakini sivyo. Katiba ya Marekani huizuia serikali kumnyamazisha raia. Haimzuii mwajiri binafsi, na ligi za michezo nchini humo ni waajiri binafsi. Uhuru ambao mtoto wa miaka kumi anao mbele ya mwalimu wake, mchezaji anayelipwa mamilioni hana hakika nao mbele ya mwenye timu.

Mahmoud Abdul-Rauf aliligundua hilo mwezi Machi 1996. Alizaliwa Mississippi kwa jina la Chris Jackson, akasilimu mwaka 1991, na katika msimu wa 1995 hadi 1996 alikuwa mmoja wa wafungaji wakuu wa Denver Nuggets katika ligi ya mpira wa kikapu ya NBA. Kwa miezi kadhaa alikuwa akibaki chumba cha kubadilishia nguo au kujinyoosha misuli wakati wa wimbo, na hakuna aliyelifanya kuwa jambo hadi vyombo vya habari vilipomuuliza, akajibu kwamba kwake bendera ile ni alama ya ukandamizaji na kwamba imani yake haimruhusu kukitukuza kitu kama hicho. Kanuni ya ligi iliwataka wachezaji wasimame kwenye mstari kwa mkao wa heshima. Alisimamishwa kwa mechi moja bila malipo, kisha wakafikia mapatano: angesimama, lakini angefumba macho, anyanyue viganja usoni na kuomba dua. Mapatano hayo yanafaa yatazamwe kwa makini, kwa maana ligi ilikuwa imeununua mkao ikaiacha nia. Hata hivyo, Denver ilimuuza kwa timu ya Sacramento Kings kabla mwaka haujaisha, na kufikia mwaka 1998 alikuwa ameondoka katika ligi hiyo, akarejea kwa msimu mmoja tu baadaye.

Mkasa wa Colin Kaepernick, mpanga mashambulizi wa timu ya San Francisco 49ers katika ligi ya soka ya Kimarekani ya NFL, ulifuata njia hiyohiyo kwa sauti kubwa zaidi. Mwezi Agosti 2016, baada ya majira ambayo polisi walikuwa wamewaua Wamarekani weusi wawili, Alton Sterling na Philando Castile, aliamua kukaa kwenye benchi wimbo ukipigwa, na alikwisha kukaa hivyo kabla ya mechi ya tarehe 26 dhidi ya Green Bay, ambapo picha iliyopigwa uwanjani ilimfichua. Nate Boyer, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa kikosi maalumu na baadaye mchezaji, alimwandikia barua ya wazi, wakakutana, na Boyer akamshauri apige goti, akiwa na mawazo ya askari wanavyopiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Tarehe 1 Septemba, mjini San Diego, Kaepernick alipiga goti pamoja na mwenzake Eric Reid. Goti hilo, ambalo mamilioni ya Wamarekani walilitafsiri kuwa matusi kwa jeshi, lilikuwa limebuniwa pamoja na mwanajeshi wa zamani ili kulipa jeshi heshima yake. Maelewano hayo, kama yale ya Abdul-Rauf, hayakusaidia kitu, kwa kuwa watazamaji hawakuwa wanapima nia.

Mwaka uliofuata Kaepernick hakupata timu, na hajacheza tena katika NFL. Mwezi Septemba 2017 Rais Donald Trump, akihutubia huko Alabama, aliwataka wenye timu wawafukuze wanaopiga goti, na Jumapili iliyofuata zaidi ya wachezaji 200 walipiga goti au walikaa, wengi wao wakiwa hawajawahi kufanya hivyo. Ligi ilitunga kanuni mwezi Mei 2018 ya kuwataka wachezaji wasimame au wabaki ndani, ikaisimamisha miezi miwili baadaye. Shauri la Kaepernick dhidi ya wenye timu lilimalizwa kwa mapatano ya siri mwezi Februari 2019. Na mwezi Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi, kamishna Roger Goodell alikiri kwamba ligi ilikosea kutowasikiliza wachezaji, bila kulitaja jina la Kaepernick.

Hadi hapa mifano imekuwa ya watu waliofanya jambo linaloonekana. Timu ya soka ya Iran, katika Kombe la Dunia la Qatar, ilionyesha kwamba hata midomo inatosha. Mahsa Amini alikuwa amefariki tarehe 16 Septemba 2022 akiwa mikononi mwa polisi wa maadili, maandamano yalikuwa yameenea nchi nzima, na tarehe 21 Novemba, kabla ya mechi dhidi ya Uingereza, wachezaji kumi na mmoja walisimama wima kwa ukamilifu wa itifaki, ila hawakuimba. Siku nne baadaye, dhidi ya Wales, waliimba, baadhi wakionekana kuitikisa midomo kwa shida, huku sehemu ya mashabiki wa Iran ikiuzomea wimbo wa nchi yao. Kwa hao waliokuwa wakizomea, kuimba ndiko kulikokuwa kosa, na wachezaji wakajikuta kwamba kila walichokifanya na koo zao kilikuwa na mshitaki anayekisubiri.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imeandika mipaka yake kwa uwazi kuliko zamani. Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki, inayokataza maonyesho ya kisiasa, ya kidini na ya kirangi katika maeneo ya Michezo, ilifafanuliwa mwezi Januari 2020 kwa kutaja kupiga goti na ishara za mikono. Mwezi Julai 2021, kabla ya Tokyo, ililegezwa ili mwanariadha aweze kutoa msimamo wake uwanjani kabla shindano halijaanza, na timu kadhaa za soka za wanawake zikapiga goti kabla ya mpira kuanza bila kuadhibiwa. Sherehe za kukabidhi medali hazikuguswa na ulegezaji huo. Mwezi Desemba 2022 Kamati ilimwondolea Vince Matthews marufuku iliyokuwa imedumu kwa miaka hamsini; Collett alikuwa amefariki mwaka 2010. Mwanariadha atakayesimama jukwaani leo kama walivyosimama wao bado anaweza kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na kamati hiyo italazimika kuamua kama mikono kiunoni ni maonyesho ya kisiasa.